Ukungu wa Risasi Moja

Ngoja nikutegee kimoja kabla sijaanza, na usikimbilie kujibu. Mgeni kaingia nyumba ya watu bila hodi. Hali, hanywi, haongei. Kakaa dirishani mchana kutwa, na kila mwezi anasogea mbele kidogo. Wapita njia hawamwoni. Mwenye nyumba anajua yupo, na yeye ndiye anayemficha. Ni nani huyo?

Kama umejua, kaa nalo. Kuna mtu humu ndani anayetakiwa kulitamka kwa mdomo wake mwenyewe, na ukimtangulia utakuwa umemwonea.

Mtu huyo alikuwa mwindaji, na wenzake walimwita Risasi Moja. Miaka thelathini aliingia msituni na risasi moja tu mfukoni, ya pili akiiacha nyumbani ndani ya kikombe juu ya kabati. Akipata, amepata. Akikosa, anarudi kupalilia viazi kama watu wengine. Wenye kibali walikuwa wanne tu pale mjini, na kila mmoja aliruhusiwa mbawala wawili kwa msimu, madume peke yake. Mbawala ni yule swala wa vichakani, mpole wa macho. Dume ana pembe, jike hana, kwa hiyo hata mtoto wa shule hawezi kuwachanganya akiwa karibu na kukiwa kweupe.

Na asubuhi hiyo kulikuwa kweupe. Mke wa Risasi Moja, fundi cherehani, alikuwa uani tangu alfajiri akianika mashuka ya wateja. Anga ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Ng'ambo, kwenye kilima, kila mti ulisimama peke yake, kama umeshonewa pale kwa uzi mweusi. Alisikia mnyororo wa baiskeli kabla hajamwona mumewe akiikokota, na kwenye kiti cha nyuma gunia limefungwa kwa kamba.

"Umepata?" akauliza.

"Nimepata."

"Mbona umesema kama mtu aliyekosa?"

Aliegemeza baiskeli ukutani, akaenda kwenye beseni, akaanza kunawa mikono. Mke akafungua kamba, akafunua gunia, akatazama. Akalifunua zaidi, kama mtu anayetafuta kitu kilichoangukia chini.

"Baba watoto. Pembe ziko wapi?"

Risasi Moja aliendelea kunawa mikono iliyokwisha takata.

"Kulikuwa na ukungu," alisema.

Mke aliweka kiganja kwenye tumbo la mnyama. Bado lilikuwa na joto. Alipouondoa mkono, ulikuwa umelowa, mweupe, na harufu yake aliijua mwanamke yeyote aliyewahi kulea.

"Huyu ananyonyesha."

"Ukungu ulikuwa mzito, mama watoto. Mzito sana."

Mke alitazama mashuka yake. Akatazama kilima, na miti yake mmoja mmoja. Alimeza neno la kwanza, akameza na la pili. La tatu likatoka lenyewe, taratibu, kama anamuuliza mtoto mgonjwa.

"Ukungu ulitoka wapi?"

Risasi Moja akaliinua beseni, akamwaga maji. Yakapita katikati yao, yakaenda zake.

Kabla ya saa tatu, Shemeji alikuwa amefika. Huyu alikuwa kaka yake mke, fundi baiskeli, na kila baiskeli aliyoitengeneza ilikuwa lazima irudi. Habari alizinusa kwa mbali kuliko mbwa. Alizunguka gunia mara mbili, mikono kiunoni.

"Shemeji," alimwambia mwindaji, "leo umeua wewe au umeuawa wewe?"

"Kaa chini," dada yake alimkemea.

"Nimekaa, dada, nimekaa. Nauliza tu."

Wote watatu walijua utaratibu. Mnyama akipigwa asubuhi, kabla ya adhuhuri kichwa chake kipelekwe ofisi ya wanyamapori: pembe, ili ijulikane ni dume, na taya la chini, ili afisa asome umri kwenye meno. Ndivyo walivyojua msitu una nini na kesho utakuwa na nini. Atakayepiga jike anarudisha kibali, anarudisha bunduki, na jina lake linafutwa ubaoni. Ubao wenyewe ulitundikwa nje ya ofisi, na sheria ya kwanza juu kabisa ilisema: Usipige usichokiona chote. Maneno hayo yalikuwa ya Risasi Moja. Aliyasema mwenyewe kwenye mkutano, miaka ile msitu ulipokuwa umenyamaza kabisa, watu walipokuwa wakipiga chochote chenye miguu na kurudi na sungura. Yeye ndiye aliyewasihi waache madume machache yatoshe na majike yapumzike. Walimzomea. Baada ya miaka sita mbawala walirudi, na waliomzomea wakamwandika ubaoni wa kwanza.

Shemeji akainua kidevu kuelekea sebuleni. Juu ya mlango, kwenye msumari, zilining'inia pembe za dume la miaka mingi iliyopita, zimekauka, zimefifia kwa vumbi.

"Si zile pale?"

"Zile za zamani," mke alisema.

"Pembe zina tarehe? Chukua zile, chukua na taya la huyu. Meno hayasemi dume wala jike. Afisa anasoma umri, anaandika, anagonga muhuri, tunarudi kula. Nani kaumia?"

"Mtoto wake."

"Mtoto wa nani?"

"Wa huyu." Mke alionyesha gunia kwa sindano aliyokuwa ameishika. "Yuko kichakani saa hizi amelala palepale alipoachwa. Hasogei. Anangoja arudiwe."

Wanaume wote wawili waliangalia chini. Kisha Risasi Moja akasimama, akaenda sebuleni, akapapasa ukutani, akashusha pembe.

Hapo mke aliketi kwenye cherehani, akachukua uzi, akajaribu kuupitisha kwenye tundu la sindano. Ukakataa. Zamani kazi hiyo haikuwa yake. Jioni zote mumewe ndiye aliyemtungia. Aliinua sindano kwenye mwanga, akaupeleka uzi mara moja tu, ukapita. "Risasi moja," alisema, na mke akacheka kana kwamba hajawahi kuusikia mzaha huo. Mwaka juzi akaanza kusema mikono imechafuka. Baadaye sindano za siku hizi ni mbovu. Baadaye tena, kila kifuniko cha cherehani kilipofunguliwa, yeye alikuwa na shughuli nje.

Mke aliyaona hayo yote na aliyaweka mahali, kama unavyoweka vipande vya kitambaa usivyojua bado vitafaa nini.

Lilianza jicho la kushoto. Muuguzi wa zahanati alimmulika kwa tochi, akamwambia ni mtoto wa jicho, hutolewa hospitali kubwa, atamwandikia barua. Risasi Moja akauliza barua hiyo inapitia wapi. Muuguzi akasema kwa wenye bunduki nakala moja huenda ofisi ya wanyamapori. Mwindaji akavaa kofia, akashukuru, akaondoka. Hakurudi tena.

Tangu hapo dunia ilimjia kama inavyomjia mtu aliyelala ndani ya chandarua. Watu walipita upande wa pili, laini, weupe weupe, hawana pua. Taa iliota manyoya. Mwezi ulikuja miwili. Na kuna siku alipapenda humo ndani, maana msitu ulimsogelea kwa masikio kuliko zamani: jani likidondoka alijua ni la mti gani, ndege akigeuka kwenye tawi alijua amegeukia wapi. Akaanza kuwinda kwa sauti. Dume la mbawala hubweka, kama mbwa aliyekwamwa na mfupa. Msimu uliopita alilenga mlio, akapata dume. Mara ya pili, dume tena. Akajiambia masikio nayo ni macho.

Leo alisikia mlio uleule. Ndani ya weupe wake palikuwa na doa jeusi, na doa likasogea. Akavuta. Jike lenye mtoto nalo hubweka, kumwonya mtoto asitoke alipo. Hilo alikuwa akiwafundisha wenzake kila mwaka.

Ofisini palikuwa na foleni fupi: mama mmoja aliyetaka ruhusa ya kukata fito, na wazee wawili waliokuja kuulizia mzinga wa nyuki. Afisa wa wanyamapori alikuwa mwanamke wa makamo, kalamu kaichomeka kwenye nywele, mtu wa sauti ya chini. Alimwita Risasi Moja "baba", na hakuwa akimtania. Alikuwa amejifunza msitu kwa kumfuata nyuma.

"Karibu, baba. Umepata mapema leo."

"Tumepata, tumepata," Shemeji alidakia, akaweka pembe juu ya meza kwa kishindo, na taya pembeni.

Afisa akalichukua taya kwanza. Akapitisha kidole kwenye meno, akatikisa kichwa kidogo kwa kuridhika. Kisha akazishika pembe, akazigeuza, akazigonga mezani ili zisimame wima.

Kitu kikachomoka ndani ya pembe ya kushoto, kikadondoka juu ya daftari. Donge la udongo mkavu, lenye vijumba vidogo vya duara. Kiota cha nyigu. Katika kijumba kimoja alikuwamo nyigu mwenyewe, amekauka, miguu juu.

Mama wa fito akajiziba mdomo na mtandio.

"Dume huyu," afisa alisema taratibu, "alitembea na nyigu kichwani?"

Wazee wa mzinga wakaangua kicheko. Hata Shemeji, Mungu amsamehe, akaanza kucheka kabla hajakumbuka yuko upande gani.

"Unajua afisa, misitu ya siku hizi—"

"Shemeji, sijakuuliza wewe."

Afisa aliwaomba wengine watoke kidogo nje. Akafunga mlango nusu. Akapangusa udongo kwenye daftari kwa upande wa kiganja, bila haraka, kana kwamba anampa mtu nafasi ya kukaa sawa.

"Baba. Uliziona pembe?"

"Kulikuwa na ukungu," Risasi Moja alisema.

"Ukungu leo?"

"Mzito."

Afisa akavuta daftari jingine, lile la hali ya hewa, ambalo huliandika kila asubuhi anapofungua ofisi. Akalifungua mbele yake, akalisogeza. "Mimi nimeandika hivi. Hebu soma mwenyewe, huenda nimekosea mimi."

Risasi Moja akainamia ukurasa. Akaweka kidole, akakipitisha kutoka kushoto kwenda kulia, kwa heshima, kama asomaye. "Ndiyo," alisema. "Naona. Umeandika."

Kidole chake kilikuwa chini kabisa ya ukurasa, mahali pasipoandikwa kitu.

Afisa alikitazama kidole hicho kwa muda mrefu. Hakusema aliloliona. Alilifunga daftari polepole, asije akambana.

"Kama aliyepigwa ni jike, na kama ana mtoto, baba, ulinifundisha wewe: mtoto hangoji siku tatu. Nina vijana wawili wa doria na banda la kulelea. Ninachokosa ni mahali pa kwenda na neno la kuandika. Nafunga saa kumi na moja."

Njia nzima ya kurudi Shemeji hakuongea, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu abatizwe kwa jina hilo.

Mke hakumuuliza mumewe yaliyotokea. Aliziona pembe zimerudi, akaona uso. Alivua gauni la nyumbani, akavaa lile la kahawia la kuokotea kuni, akasimama mlangoni.

"Twende ukanionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Ulipompigia."

Waliingia msituni saa tisa, mwanga ukipenya juu kama asali inayochujwa. Risasi Moja alitembea mbele, na huko ndani hakujikwaa hata mara moja. Miguu ilijua mizizi yote kwa majina. Mke alimfuata akitazama mgongo wake, na kwa kitambo kidogo akasahau walichokuja kufanya. Alikumbuka walipokuwa wachumba, alivyomleta hapa kumsikilizisha vyura.

Mume akainua mkono. "Umesikia?"

"Sisikii kitu. Majani."

"Si majani. Anapumua haraka haraka. Chini ya gogo, mkono wa kulia."

Mke alisogea, akainama. Alikuwapo. Mdogo kuliko paka aliyeshiba, mwekundu, madoa meupe mgongoni kama punje za chumvi, masikio yamelala, macho makubwa yamemkazia asipepese. Alikuwa akitii. Mama yake alimwambia asisogee, na hakusogea.

Mke akaanza kufungua mtandio wake.

"Usimguse," Risasi Moja alisema nyuma yake, kwa sauti ya yule wa zamani. "Ukimbeba nyumbani atakuwa mbuzi wetu. Atamfuata kila mwenye sahani, na siku moja atamfuata mwenye panga. Kule bandani wanamnywesha kwa chupa kupitia tundu, wasimwonyeshe uso wa mtu, mpaka arudi kwao."

"Basi waambie."

Risasi Moja akaligeuzia gogo sikio.

"Waambie, baba watoto. Saa kumi na moja haiko mbali."

Mke alirudi nyuma hatua chache, taratibu, asimtishe mtoto, akasimama karibu na kichaka. Mumewe akageuka. Uso wake ulikuwa umelegea, na alianza kusema kwa unyenyekevu ambao mkewe hakuwa ameusikia miaka mingi.

"Unajua wakinitoa ubaoni nitakuwa nani? Nitakuwa mzee wa kukaa kibarazani, watu wanapita wananisalimia kwa huruma. Sina kingine, mama watoto. Sikusoma, sina duka. Nina msitu tu. Sema basi kitu. Mbona umenikazia hivyo?"

Alikuwa akiongea na kisiki.

Kilikuwa kisiki cha mti uliokatwa zamani, cheusi, kimo cha mtu aliyeinama. Mkewe alisimama hatua sita upande wa pili. Kicheko kilimjia kooni, kweli kilimjia, maana mtu mzima anakisihi kisiki. Lakini nyuma ya kicheko kilikuja kitu cha baridi, kikashuka mpaka miguuni. Akatazama gauni lake la kahawia. Akatazama tena kisiki.

"Baba watoto," alisema. "Hicho ni kisiki."

Risasi Moja hakutikisika.

"Na juzi," mke aliendelea, "juzi nilikuwa hapahapa naokota kuni. Nimeinama. Gauni hilihili. Vumbi lilinipalia, nikakohoa."

Ndege mmoja aliita, akanyamaza. Risasi Moja alivua kofia. Aliunyoosha mkono kuelekea sauti ilikotoka, ukapita pembeni kidogo, ukatafuta. Mkewe akaufikia, akaushika. Mkono ulikuwa baridi kama umetoka tena kwenye beseni.

Walipofika ofisini, afisa alikuwa na kufuli mkononi. Shemeji naye alikuwapo, eti amepita tu, ameketi kwenye ngazi. Alisimama haraka.

"Afisa, mimi na shemeji yangu tulikuwa tumefikiria hivi—"

"Kaka," mke alisema, "kampe shemeji yako kiti humo ndani, kisha unyamaze."

Akampa.

Risasi Moja hakukaa. Alitoa kibali mfukoni, kimekunjwa mara nne, akakiweka mezani. Juu yake akaweka risasi ya pili, ile ya kikombeni. Walikuwa wamepita nyumbani kuichukua, pamoja na bunduki. Bunduki aliishusha begani, akaipapasa mara moja kuhakikisha ni tupu, akailaza.

"Mtoto yuko chini ya gogo," alisema, "ukifuata kijito mpaka kinapojigawa, mkono wa kulia. Vijana waende bila viatu vizito. Wamkaribie upepo ukiwapiga usoni. Wasiseme hata neno, asije akazoea sauti."

Afisa alifungua dirisha, akawaita vijana wa doria, akawarudishia maneno hayohayo kama alivyoyapokea, na miguu yao ikasikika ikikimbia kwenye changarawe, kisha kwenye nyasi, kisha haikusikika tena. Risasi Moja aliifuata kwa masikio mpaka mwisho.

Afisa akaketi. Akalifungua daftari kubwa, akaichomoa kalamu kwenye nywele. Jua la jioni liliingia kwa mlango, likamwangukia mwindaji usoni, naye hakupepesa wala hakuukwepa mwanga.

"Mahali nimepata," afisa alisema polepole. "Limebaki neno. Asubuhi uliniambia ukungu, baba. Ukungu huo ulitoka wapi?"

Mke alikuwa ameinamisha kichwa. Akakiinua.

"Haukutoka popote," Risasi Moja alisema. "Asubuhi ilikuwa safi, mke wangu alikuwa anaanika mashuka. Ukungu uko humu machoni mwangu. Ninao tangu mwaka juzi, na mimi mwenyewe ndiye niliyeuficha."